Kuunganisha Bayodizeli na Teknolojia ya Gari la Mseto: Hesabu ya Lita na Hekta katika Kanda ya Kati ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna bayodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya wanyama, inavyoweza kutumika pamoja na teknolojia ya gari la mseto, yaani gari linaloendeshwa kwa injini na mota ya umeme kwa zamu au kwa pamoja. Maelezo yamejikita katika Dodoma na Kanda ya Kati, eneo lenye mvua haba, kilimo cha alizeti na mji unaokua kwa kasi. Hoja kuu ni kwamba kila teknolojia ina upungufu unaofidiwa na mwenzake. Bayodizeli peke yake inadai ardhi kubwa na inashindana na chungu cha jikoni. Gari la mseto peke yake linaendelea kutegemea mafuta ya kuagizwa. Zikiunganishwa, hitaji la bayodizeli hushuka hadi kiwango ambacho, kwa kundi dogo la magari, mafuta yaliyokwisha kukaangia yanaweza kukitosheleza. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza mahali pa kuanzia.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1900, katika Maonesho ya Dunia yaliyofanyika Paris, kampuni ya Otto ilionesha injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini hiyo, alieleza baadaye kuwa wazo hilo lilitoka kwa Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikizifikiria karanga zinazostawi katika makoloni ya Afrika. Kwa hiyo, mafuta ya mimea si mgeni katika injini ya dizeli. Yalikuwamo tangu siku zake za mwanzo.

Karibu nusu karne baadaye, karanga ziliiletea Kanda ya Kati historia nyingine. Mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Lengo halikuwa kuendesha injini bali kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Zilipangwa kulimwa zaidi ya ekari milioni tatu, zikiwamo za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuharibu majembe ya matrekta, mvua haikufuata ratiba ya wapangaji, na hata alizeti iliyojaribiwa baadaye haikuuokoa mradi. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, ukiwa umewagharimu walipakodi wa Uingereza takribani pauni milioni 36. Funzo lake bado ni hai: mtu anayepanga kupata mafuta kutoka ardhi ya Kanda ya Kati hana budi kupima mvua na hekta kabla ya kuhesabu lita.

Makala haya yanafuata utaratibu huo. Kwanza yanaeleza bayodizeli ni nini, kisha gari la mseto linavyofanya kazi, halafu yanaziweka teknolojia hizo mbili katika hesabu moja.

2.0 Muktadha wa Kanda ya Kati

Dodoma hupata wastani wa milimita zipatazo 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote zikinyesha katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Alizeti ni miongoni mwa mazao machache ya mafuta yanayoivumilia hali hiyo, na ndiyo maana mwaka 2021 Serikali ilizichagua Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya mkazo katika uzalishaji wa zao hilo. Sababu ilikuwa wazi: Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje.

Mafuta ya magari nayo huagizwa. Hushushwa bandarini, kisha husafirishwa kuja bara. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hudhihirisha gharama ya safari hiyo: lita ya dizeli Dodoma ni ghali kuliko lita hiyohiyo Dar es Salaam kwa kuwa imebeba nauli ya barabara. Wakati huohuo, kuhamia kwa Serikali Dodoma kumeongeza safari za kila siku baina ya katikati ya mji, Chuo Kikuu cha Dodoma na Mji wa Serikali Mtumba. Kanda hii, basi, ina upungufu wa aina mbili za mafuta kwa wakati mmoja: ya kupikia na ya kusafiria. Pendekezo lolote la kuziba pengo moja kwa kulipanua jingine linapaswa kutiliwa shaka.

3.0 Bayodizeli

3.1 Inavyotengenezwa

Mafuta ya alizeti, ya karanga au ya mbono yanaundwa na molekuli kubwa ziitwazo trigliseridi. Kila molekuli ina minyororo mitatu ya asidi za mafuta iliyoshikizwa kwenye uti mmoja wa gliseroli. Umbo hilo ndilo linaloyafanya yawe mazito: katika nyuzijoto 40 za Selsiasi, mnato wa mafuta ya alizeti ni takribani mara kumi ya ule wa dizeli. Yakitiwa kwenye tangi yalivyo, nozeli hushindwa kuyanyunyiza kwa matone madogo. Hayaungui vizuri, nayo injini hujaa masizi.

Kutengeneza bayodizeli ni kuivunja molekuli hiyo. Mafuta hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi, kisha huchanganywa na methanoli ambamo imeyeyushwa kostiki soda kidogo kama kichocheo. Minyororo mitatu huachana na uti wake, na kila mmoja hujiunga na methanoli na kuwa methili esta, ambayo ndiyo bayodizeli. Gliseroli, kwa kuwa ni nzito zaidi, huzama chini na kutolewa. Kinadharia, kilo 100 za mafuta na kilo 11 hivi za methanoli hutoa takribani kilo 100 za bayodizeli na kilo 11 za gliseroli. Hatimaye bayodizeli huoshwa kwa maji na kukaushwa. Ikumbukwe kwamba methanoli ni sumu na mvuke wake hushika moto upesi. Hii si kazi ya kufanyia jikoni.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au maandazi hudai uangalifu zaidi. Huwa na maji na asidi huru, na asidi hizo zikikutana na kostiki huzaa sabuni badala ya bayodizeli. Mafundi sabuni wa mitaani wanaijua tabia hii kwa kuwa ndiyo riziki yao. Kwa sababu hiyo, mafuta hayo huchujwa na kukaushwa kwanza, na asidi ikizidi hutanguliziwa hatua ya kutibiwa kwa asidi ya salfuriki.

3.2 Tabia yake katika injini

Lita ya bayodizeli ina nishati pungufu kwa takribani asilimia 8 ikilinganishwa na lita ya dizeli ya kawaida. Hata hivyo, karibu asilimia 11 ya uzito wake ni oksijeni, jambo linalosaidia uunguaji. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2002 na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani ulionesha kuwa bayodizeli tupu hupunguza chembechembe za moshi kwa asilimia 47 na kaboni monoksaidi kwa asilimia 48, lakini huongeza oksaidi za nitrojeni kwa asilimia 10. Mchanganyiko wenye asilimia 20 ya bayodizeli hupunguza chembechembe kwa asilimia 10 na kuongeza oksaidi za nitrojeni kwa asilimia 2 tu. Mchanganyiko huu ndio unaopendekezwa mara nyingi kwa injini ambazo hazikubadilishwa chochote.

Gereji zinapaswa kuyajua mambo mawili. Kwanza, bayodizeli ni kiyeyushi. Katika gari kuukuu hung'oa uchafu uliogandamana kwenye tangi na kuupeleka kwenye chujio, hivyo chujio hubadilishwa mapema baada ya kuanza kuitumia. Pili, huilainisha mipira ya asili, kwa hiyo mabomba ya zamani ya mafuta hukaguliwa. Aidha, bayodizeli ya alizeti huoksidika upesi ikikaa kwenye joto na hewa. Haifai kuwekwa akiba kwa mwaka mzima kama mtama katika kihenge.

4.0 Gari la Mseto

4.1 Linavyofanya kazi

Mkazi wa Dodoma aliyewahi kuweka tangi la kuvunia maji ya mvua tayari anaifahamu kanuni ya gari la mseto. Asiye na tangi huyaacha maji ya paa yapotee, kisha siku ya kiangazi hununua maji ya dumu. Gari la kawaida hufanya hivyohivyo na nishati: kila dereva anapofunga breki, mwendo uliogharimiwa kwa mafuta hugeuka joto na kupotelea hewani. Katika gari la mseto, mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikalipunguza kasi gari huku ikiichaji betri. Umeme huo hutumika gari linapoondoka tena.

Kuna njia tatu za kuokoa mafuta hapa. Ya kwanza ni hiyo ya kuvuna nishati ya breki. Ya pili ni kuzima injini gari linaposimama, kwani injini inayonguruma kituoni inateketeza mafuta bila kusogeza abiria hata hatua moja. Ya tatu ni kuiwezesha injini ifanye kazi katika kiwango kinachoifaa. Injini nzuri ya dizeli hugeuza takribani asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi inapobebeshwa mzigo wa kutosha, lakini ufanisi huo huanguka sana mzigo unapokuwa mdogo. Mota hubeba mzigo mdogo, injini ikaachiwa ule mkubwa.

Kwa mpangilio, magari haya huwa ya aina tatu. Katika mfumo wa mfuatano, injini huendesha jenereta tu na mota ndiyo inayozungusha magurudumu. Katika mfumo sambamba, injini na mota zote hufikisha nguvu kwenye magurudumu. Mfumo wa tatu huchanganya yote mawili.

4.2 Mahali linapofaa na mahali lisipofaa

Tuchukulie daladala aina ya Coaster yenye uzito wa kilo 5,000 pamoja na abiria, ikienda kilomita 50 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni takribani kilojuli 480. Injini yenye ufanisi wa asilimia 30 huhitaji mililita 45 hivi za dizeli kuizalisha. Kila vituo kumi, basi, karibu nusu lita huishia kwenye pedi za breki. Sehemu ya nishati hiyo ndiyo inayoweza kuvunwa.

Barabara kuu ina hesabu nyingine. Kutoka Morogoro, iliyo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Dodoma yenye mita 1,100 hivi, gari hupanda takribani mita 600 katika kilomita 260. Mteremko wa kurudi ni wa taratibu mno, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya njia breki haiguswi na hakuna cha kuvuna. Isitoshe, tangu Julai 2024 abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wana treni ya umeme ya reli ya kisasa. Kwa mantiki hiyo, mahali stahiki pa gari la mseto katika kanda hii ni mjini: kwenye daladala, magari ya usambazaji mizigo na magari ya taka, ambayo husimama na kuondoka mara mamia kwa siku.

4.3 Tahadhari kuhusu petroli

Magari ya mseto yanayoonekana zaidi katika miji yetu, kama Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997 na Toyota Aqua, yana injini za petroli. Bayodizeli haiwezi kutumika humo. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi, ilhali ya dizeli huyawasha kwa joto la hewa iliyobanwa. Mafuta ya moja hayafai kwa nyingine. Muungano unaojadiliwa hapa unahitaji gari la mseto lenye injini ya dizeli. Magari hayo ni machache kwa kuwa injini ya dizeli na mfumo wa umeme vyote ni ghali, lakini yapo. Hino ilitoa basi la aina hiyo mwaka 1991, Mitsubishi Fuso ikatoa Canter ya mseto mwaka 2006, na Peugeot ikafuata kwa gari dogo, 3008 HYbrid4. Kwa nchi inayonunua magari yaliyotumika Japani, malori madogo na mabasi ndiyo yaliyo karibu na uwezo wetu.

5.0 Hesabu ya Lita na Hekta

Tuchukulie kwamba Coaster hiyo hutembea kilomita 150 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na hutumia lita 14 kwa kila kilomita 100. Kwa mwaka itatumia lita 6,300 za dizeli. Tuchukulie pia kwamba hekta moja ya mkulima mdogo hutoa tani moja ya alizeti, na kwamba baada ya kukamua na kusindika hupatikana lita 300 za bayodizeli. Hatimaye, tuchukulie kwamba mfumo wa mseto huokoa asilimia 30 ya mafuta mjini. Matokeo yake ni haya:

Jedwali la 1: Mahitaji ya daladala moja kwa mwaka
– Dizeli tupu, gari la kawaida: dizeli lita 6,300, bayodizeli 0, alizeti hekta 0.
– Bayodizeli tupu, gari la kawaida: dizeli 0, bayodizeli lita 6,850, alizeti hekta 23.
– Mchanganyiko wa asilimia 20, gari la kawaida: dizeli lita 5,120, bayodizeli lita 1,280, alizeti hekta 4.3.
– Dizeli tupu, gari la mseto: dizeli lita 4,410, bayodizeli 0, alizeti hekta 0.
– Mchanganyiko wa asilimia 20, gari la mseto: dizeli lita 3,590, bayodizeli lita 900, alizeti hekta 3.

Mstari wa pili unastahili kutafakariwa. Daladala moja inayotumia bayodizeli tupu ya alizeti inahitaji hekta 23, na mafuta yanayoingia humo yanazidi kilo 6,000. Tukikadiria kuwa mtu mmoja hutumia kilo 10 za mafuta ya kula kwa mwaka, gari hilo linakula mafuta ya watu zaidi ya 600. Hakuna sera ya nishati inayoweza kulitetea jambo hilo mbele ya mama wa Bahi au Manyoni anayenunua mafuta ya kupimiwa.

Mstari wa mwisho unaeleza jambo tofauti. Matumizi ya dizeli ya kuagizwa yamepungua kwa asilimia 43, na bayodizeli inayohitajika ni lita 75 tu kwa mwezi. Kiasi hicho kinaweza kupatikana bila kugusa shamba lolote. Lita 85 hivi za mafuta yaliyokwisha kukaangia zinatosha kukizalisha, nazo ni madumu manne ya lita 20 na kidogo. Hoteli moja na vibanda kadhaa vya chipsi vinaweza kuyatoa. Hapa ndipo umuhimu wa kuunganisha unapobainika: kila lita ambayo mota imeiokoa ni lita ambayo haikulazimika kulimwa.

6.0 Mafunzo Kutoka Kilwa, Kisarawe na Kyoto

Tanzania imewahi kuifuata njia ya mashamba. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wawekezaji walikuja kutafuta ardhi ya kulima mbono kaburi, mmea uliosifiwa kuwa hustawi penye ukame bila matunzo. Ni kweli kwamba mbono huvumilia ukame. Lakini kuvumilia ukame ni jambo moja, na kuzaa mbegu za kutosha ni jambo jingine. Mwaka 2009 Serikali ilisitisha ugawaji wa ardhi kwa miradi mipya ya aina hiyo, na mwaka 2010 ikatoa miongozo. Kampuni ya BioShape iliyokuwa Kilwa ilifilisika mwaka 2010, nayo Sun Biofuels iliyopata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe ilisimamisha shughuli mwaka 2011. Wanavijiji walibaki wakiulizia ardhi na ajira walizoahidiwa.

Jiji la Kyoto, Japani, lilifuata njia ya kikaango. Mwaka 1997 lilianza kuendesha magari yake ya taka kwa bayodizeli iliyotokana na mafuta ya kupikia yaliyokusanywa majumbani na mahotelini. Mwaka 2000 mabasi ya jiji yakaanza kutumia mchanganyiko wa asilimia 20, na mwaka 2004 jiji likajenga kiwanda chenye uwezo wa kuzalisha lita 5,000 kwa siku. Kyoto haikuhitaji hekta hata moja. Ilichohitaji ni utaratibu wa kukusanya.

7.0 Vikwazo vya Mahali

Vikwazo vitatu vya Dodoma vinahitaji kutajwa. Cha kwanza ni baridi. Sehemu kubwa ya mafuta ya kukaangia yanayouzwa nchini hutokana na mawese, na bayodizeli ya mawese huanza kuganda katika nyuzijoto zinazokaribia 15. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma hufika huko. Gari linalotumia bayodizeli tupu linaweza kuziba chujio alfajiri. Mchanganyiko wa asilimia 20 hupunguza sana hatari hiyo.

Cha pili ni vumbi. Betri za magari mengi ya mseto hupozwa kwa feni inayovuta hewa, na vumbi la barabara zetu huziba njia ya hewa hiyo. Betri ikipata joto kupita kiasi huchakaa mapema. Kuisafisha feni hakugharimu kitu, lakini fundi asiyejua ipo hataisafisha.

Cha tatu ni ujuzi. Mfumo wa mseto huwa na umeme wa volti mia kadhaa, ambao huua. Vyuo vya ufundi vinapaswa kulifundisha somo hili mapema, kwa Kiswahili, kwa kuwa mafundi wengi hujifunza kazi kwa lugha hiyo na maelekezo ya hatari hayapaswi kubahatishwa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yamebainisha kuwa bayodizeli na gari la mseto si teknolojia shindani. Gari la mseto hupunguza kiasi cha mafuta kinachohitajika. Bayodizeli hubadili chanzo cha sehemu ya kiasi kilichobaki. Mpangilio huo una maana: kupunguza kwanza, kubadili baadaye. Ukigeuzwa, unaturudisha kwenye makosa ya Kongwa na Kilwa.

Inapendekezwa kwamba jaribio la kwanza lianze na magari machache ya taka mjini Dodoma. Magari hayo husimama nyumba kwa nyumba, hivyo yananufaika zaidi na mota. Hulala kwenye yadi moja, hivyo mafuta yake yanaweza kupimwa na kuchanganywa mahali pamoja. Na hupita kila siku mbele ya hoteli na vibanda ambavyo mafuta yake yanahitajika. Mafuta hayo yanunuliwe kwa bei ya haki, kwa kuwa mengine tayari huenda kwa watengeneza sabuni, na mengine huendelea kukaangia hadi yanapohatarisha afya ya walaji. Njia hii haitaendesha magari yote ya Kanda ya Kati. Itaendesha kundi dogo kwa mafuta yaliyokwisha kumlisha mtu mara moja, na itawapa wataalamu wetu takwimu za hapahapa za kuamulia hatua inayofuata.